Jozi Mbili za Gambuti

Kila mwaka, mvua zikikaribia, Auleria alikuja dukani kwangu kununua gambuti jozi mbili. Moja namba thelathini na tisa, ya kwake. Nyingine namba arobaini na tatu, ya mumewe Rwegoshora, ambaye aliingia msituni miaka saba iliyopita na hakutoka.

Mimi ni mtu wa maneno, yeyote pale senta ya Nyabiyonza atakuambia. Nimewahi kumuuliza padri wa watu kwa nini ananenepa wakati wa Kwaresima, na mimi ni Mwislamu. Lakini kwa ile jozi ya pili sikuwahi kufungua mdomo. Nilikuwa naifunga na kamba, nampa, namwambia, "Karibu tena, Mama Evelyn," naye ananijibu, "Asante, Mama Hanifu." Kisha anaondoka na jozi zote mbili begani.

Nilijua zinakokwenda. Ile kubwa ilisimama mlangoni kwake mwaka mzima, vidole vikitazama ndani, na mpya ikija ile ya zamani alipewa Projest, mdogo wake Rwegoshora.

Rwegoshora alikuwa mrina asali. Msitu wa Rwabigaga, huko Karagwe inakokutana na Kyerwa, wakati ule ulikuwa haujafungwa, na watu wa huku walitundika mizinga yao humo kama walivyotundika babu zao. Jumatano moja aliingia na panga, kienge cha kufukizia nyuki, na gambuti mpya alizonunua kwangu siku hiyo hiyo. Walimtafuta siku tisa. Walichokipata ni gambuti ya kushoto, imesimama wima kando ya kijito, imejaa maji ya mvua, kisigino kimepasuka.

Kile kisigino ni siri yangu na sasa naisema. Gambuti zile zilikuja katoni moja tu, zenye alama ya nyota chini ya kisigino, na zilikuwa mbovu. Nilijua ni mbovu nikauza hivyo hivyo. Kwa miaka saba nimejiuliza kama mtu yule aliteleza kwa sababu yangu.

Msitu ulipofanywa hifadhi na wageni wakaanza kuja kutembea, wakatafutwa watu wanaoujua wa kuwaongoza. Vijana walijipanga na vyeti vyao. Auleria, mwanamke wa miaka arobaini na nne asiye na cheti zaidi ya kile cha kipaimara, akajipanga nao. Wakamuuliza kwa nini anaitaka kazi hiyo. Akasema, "Nina mtu wangu humo ndani." Sijui waliandika nini kwenye fomu, ila walimchukua. Alijifunza majina ya miti kwa Kilatini, kizungu chao kile cha kanisani, na anapoyatamka utadhani anasali litania. Tangu hapo ameingia Rwabigaga karibu kila siku, na wageni nyuma yake, na nyuma ya wageni Projest, ambaye ni askari wa hifadhi, na bunduki yake, na gambuti za kaka yake miguuni.

Mwaka huu binti yao Evelyn akaposwa, na hapo ndipo mambo yalipobana. Wazee wa ukoo walisema binti hawezi kutolewa na baba ambaye si hai wala si marehemu. Ama aje, ama azikwe. Huku kwetu mtu asiyeonekana huzikwa mgomba badala yake: unakatwa, unaviringishwa sanda, unafukiwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, penye makaburi ya ndugu zake. Baada ya hapo amekufa. Hata akitokea kesho kwa miguu yake, hafunguliwi mlango. Projest ndiye aliyesukuma, akapanga iwe Jumamosi.

Jumanne Auleria alikuja dukani. "Mama Hanifu, nipimie bafta nyeupe, mita tano."

Nikapima. Nikashika mkasi.

"Usikate."

Nikaacha mkasi wazi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Ukikata hiyo, nimemuua mimi," akasema. "Na sijui kama amekufa. Kuna mahali humo ndani nasikia kitu. Shemeji Projest anasema hasikii. Askari wenzake wanasema ni uchungu wangu. Nataka sikio lisilo la ukoo."

"Unasikia nini?"

"Nikikuambia, utasikia nilichokuambia. Njoo Alhamisi utembee kama mgeni. Ukitoka utanieleza. Kama ni mzima, siwezi kumfukia mtu mzima. Kama amekufa, nijue, nimwoze mwanangu."

Ningeweza kusema nina kazi. Nilitazama zile gambuti zinazoning'inia ukutani, nikasema nitakuja.

Alhamisi Zubeiri, jirani yangu anayeuza spea za bodaboda, alinipeleka kwa gari lake la Noah, kwa kuwa hawezi kusikia safari asijitie. Pale getini tulimkuta mwalimu mmoja kutoka Nyakasimbi, Jovitus, aliyekuja kurekodi sauti za ndege kwa simu ili awasikilizishe wanafunzi wake. Ndio sisi tu, wageni watatu, saa tatu asubuhi, na ukungu bado umekalia vilele vya miti.

Auleria kwenye sare ya kijani si yule mwanamke wa dukani. Alitupanga kwenye mstari, akatukataza kuchuma, kupiga kelele, kuitana majina. Kisha akageukia miti, akasema polepole, "Hodi. Hodi. Hodi." Akasubiri.

Zubeiri akacheka. "Nani atatukaribisha, Mama? Kima?"

"Hakuna anayekaribisha," Auleria akasema. "Huu ndio utaratibu wa mama mkwe wangu, na nimeuweka mbele ya utaratibu wa ofisi. Msituni tunabisha, hatukaribishi. Mkisikia mtu anapiga hodi huko ndani, nyamazeni. Hata mkiijua sauti."

Niliguna. Kwetu, babu yangu alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa akaishia huku, na kitu alichokuja nacho ambacho hakikuisha ni adabu ya mlango. Mama yangu alikuwa anatuchapa kofi mtu akibisha hodi na sisi tukanyamaza. Na mimi nimekaa nyuma ya meza ya duka miaka thelathini, na kwa siku nasema "karibu" mara mia.

Tukaingia. Sitaki kudanganya, ni pazuri. Mbega walikuwa juu, weusi na mikia yao meupe inaning'inia, wanatutazama bila haraka. Auleria alituonyesha mti ambao magome yake zamani yaligongwa yakawa nguo, na mwingine ambao mzizi wake unakunywa mzizi wa jirani mpaka jirani anakauka. Jovitus alinyoosha simu yake kila ndege alipolia. Lakini kadiri tulivyoshuka, ndege walipungua. Sikuona walipoacha. Nilishtukia tu nasikia pumzi ya Zubeiri.

Njia ilikuwa na tope. Mimi naangalia miguu ya watu, ndiyo kazi yangu, na nikaona kuna nyayo kando ya njia, zinakwenda tunakokwenda. Mguu wa kulia ulikuwa wa gambuti. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vitano vimezama vizuri.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Watu wa doria," Zubeiri akasema.

Nikachuchumaa. Chini ya kisigino cha ule mguu wa kulia kulikuwa na nyota. Maji yalikuwa bado yanajikusanya ndani yake, polepole, maana yake mguu umetoka hapo sasa hivi.

Katoni moja, na haikuja nyingine tena. Nikageuka kumtazama Projest, aliyekuwa nyuma yangu. Gambuti zake nilizijua, za mwaka jana, soli ya mistari, na alikuwa nazo zote mbili. Alikuwa ameiona nyota. Akaikanyaga, akaisawazisha kwa soli yake, akasema, "Twende, mama. Mvua itanyesha."

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi moyoni.

Tulifika kijitoni. Ng'ambo yake ulikuwa mkuyu mnene, na kwenye tawi la juu mzinga wa gogo, wa zamani, umeshonwa na utando. Palinukia moshi. Hapakuwa na moto popote. Auleria akasema tupumzike, akatoa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akatugawia punje mbili mbili kama ilivyo desturi kwa wageni. Akakaa kwenye jiwe, akanitazama mimi tu.

Tukatafuna. Kijito kilikuwa kinapita lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kama maji ya kwenye nyumba ya jirani.

"Hodi," akasema mtu.

Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya chini, ya mtu mwenye adabu zake. Ilitoka nyuma ya mkuyu. Zubeiri aliacha kutafuna, punje ikabaki mdomoni. Nikamtazama Projest, yule asiyesikia kitu, na macho yake yalikuwa yamefumbwa na vidole vyake vimekaza kwenye mkanda wa bunduki. Alikuwa anasikia. Siku zote alikuwa anasikia.

"Hodi," sauti ikarudia. Ilikuwa imesogea, upande huu wa mkuyu sasa, penye majani mapana. Majani hayakutikisika.

Auleria hakugeuka. Machozi yalikuwa yamesimama machoni bila kuanguka. Midomo yake ilibana.

"Hodi hapa."

Hiyo ya tatu ilikuwa na uchovu ndani yake. Ilikuwa ya mtu aliyesimama mlangoni muda mrefu, mvua inamnyeshea, na anasikia watu wako ndani. Wallahi sikufikiri. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kama unavyofunguka dukani.

"Karibu," nikasema.

Kisha ng'ambo ya kijito kitu kikaingia majini. Hatua moja nzito ya mpira, hatua moja nyepesi ya nyama. Tuliona maji yakipasuka mara nne, yakija kwetu, na juu ya maji hapakuwa na mtu. Kwenye ukingo tope likabonyea. Halafu basi, kimya, na baridi ikakaa kulia kwangu.

"Shemeji, tutoke," Projest akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Tulitoka mbio, tulioagizwa tusipige kelele tukipumua kama ng'ombe. Sikutazama nyuma. Nilisikia tu, karibu sana, mpira na nyama, mpira na nyama, mpaka getini.

Getini Zubeiri alikaa chini akatapika kahawa. Jovitus alifungua simu yake tusikilize. Kulikuwa na maji, na mtu anatafuna, kisha kimya kirefu, na baada yake sauti ya mwanamke, safi kabisa, yangu, ikisema, "Karibu." Hakukuwa na sauti nyingine.

Auleria alinivuta pembeni. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Evelyn. Mara tatu. Nisamehe, nimeitikia."

"Alisema nini?"

"Hodi."

Sikujua kama amefurahi au amevunjika. Projest alikuja, kofia mkononi. "Shemeji," akasema, "mimi pia nilikuwa nasikia. Kila siku. Niliogopa ukijua utaenda kumfuata." Auleria alimpangusa tope begani na kumwambia akapumzike.

Ijumaa nilifungua duka saa mbili. Kufuli lilikuwa kama nilivyolifunga. Kwenye sakafu ya saruji, kuanzia kizingitini hadi mbele ya meza yangu, palikuwa na tope. Gambuti ya kulia yenye nyota. Mguu wa kushoto mtupu. Nyayo za kuingia, za kutoka hazikuwepo. Na pale ukutani ninapotundika gambuti, jozi moja ya namba arobaini na tatu ilikuwa inazunguka polepole kwenye kamba yake, na hapakuwa na upepo.

Sikupiga kelele. Nilikaa nje kwenye ngazi na fagio mapajani mpaka Auleria alipotokea. Aliingia, akaziangalia nyayo kwa muda mrefu. Aliinama akazigusa za kushoto, zile za vidole, kila kidole kwa zamu yake.

"Kata bafta," akasema.

"Una hakika?"

"Miaka kumi na tisa nimeishi na Rwegoshora," akasema. "Alirudi usiku, alirudi mchana, alirudi amelewa rubisi. Hakuwahi hata siku moja kupiga hodi nyumbani kwake. Alikuwa anaingia tu na kuuliza chakula kiko wapi. Mtu hapigi hodi kwake, Mama Hanifu. Anayepiga hodi ni mgeni, na yeye amekuwa mgeni kwetu sisi tulio hai. Ningekuwa na akili ningelijua siku ya kwanza, lakini nilikuwa nasikiliza sauti, sikusikiliza neno."

Nikakata mita tano. Mkasi ulikuwa mzito. Nilipomaliza nilianza kulia, na nikamwambia habari ya kile kisigino, yote, ubovu wa katoni na kujua kwangu. Nilitarajia atanitemea mate.

"Nilijua ni mbovu," akasema. "Nilimwambia asubuhi ile ile azirudishe. Akasema atazirudisha akitoka." Akakunja kitambaa. "Sasa sikiliza. Kwangu hakuna aliyemwitikia. Wewe ndiye uliyemkaribisha, ndiyo maana yuko hapa. Kesho umsindikize. Mgeni hatolewi, anasindikizwa."

Basi Jumamosi, saa nne asubuhi, mimi Nasreen binti Zubeda, mwenye mdomo kuliko senta nzima, nilitoka dukani kwangu na kushika njia ya kwa Auleria, nikiwa nimeacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwangu. Watu walisimama kunitazama. Ni mwendo wa nusu saa katikati ya migomba na mibuni. Niliona haya kunyamaza, kwa kuwa mgeni hasindikizwi kimya, nikaanza kuongea. Nikamweleza bei ya kahawa msimu huu. Nikamweleza kuwa Evelyn amekuwa mrefu kuliko mama yake na mchumba ni kijana wa Rugu, mpole, fundi cherehani. Mwisho nikamwomba radhi kwa zile gambuti. Nilikuwa nimezoea mwendo wake, mpira na nyama, na hapo ulisita kidogo, kisha ukaendelea sambamba na wangu.

Kibanjani shimo lilikuwa tayari. Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka, mweupe ndani ya bafta yangu, mrefu kama mwanaume. Katekista alikuwa amesema hatakuja kwenye mambo hayo, akaja, akasimama nyuma ya migomba akijifanya hakuja. Projest alishuka shimoni kupokea. Auleria alishika ile gambuti ya kushoto yenye kisigino kilichopasuka.

Akanitazama nikifika. "Amekuja?"

Nikasimama ukingoni. Mimi na mtu wangu. Tope jipya la kaburi, pale kulia kwangu, lilikuwa limebonyea mara mbili.

"Amekuja," nikasema. Kisha nikamgeukia, pale pasipo na mtu. "Umefika, shemeji."

Auleria akaweka gambuti juu ya sanda, upande wa mguu wa kushoto. Ile baridi ikaniondoka begani mara moja, kama mtu aliyeinama kuchukua kitu chake. Hapo ndipo Auleria alipolia. Miaka saba hakuna aliyemsikia akilia, na siku hiyo alilia kwa jina, Rwegoshora, Rwegoshora, na hakuna aliyemkataza kuliita. Evelyn akamshika. Projest akafukia kwa mikono, hakutaka jembe.

Evelyn aliolewa mwezi uliofuata. Zubeiri hajawahi kurudi msituni, na akiulizwa husema ana presha. Auleria bado anaongoza wageni, na anasema pale mkuyuni siku hizi ndege wanalia.

Wiki iliyopita mvua zilikaribia. Nilikuwa nimeinama nyuma ya meza nikipanga kandambili niliposikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Nina tabia mpya, siku hizi naangalia miguu kwanza. Ilikuwa miwili, midogo, yenye viatu vyote, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Karibu, Mama Evelyn."

Nikanyoosha mkono ukutani kwa mazoea, nikateremsha jozi mbili, nikaanza kuzifunga na kamba. Auleria akaniwekea mkono wake juu ya wangu. Akaichukua ile kubwa, akainyanyua mwenyewe, akairudisha kwenye msumari wake.

"Moja tu," akasema. "Thelathini na tisa."